Chagua Skurubu Kabla ya Kupanda Juu ya Paa

Mkulima anapojenga ghala huhesabu mabati, huhesabu mbao au vyuma, huhesabu mifuko ya saruji na siku za fundi. Skurubu huwa mwisho wa orodha. Mara nyingi hutumwa kijana dukani akalete pakiti mbili, naye huleta zile alizopewa. Lakini ni hizo skurubu, wala si uzito wa mabati, zinazozuia upepo usilichukue paa. Na ni washa zake ndogo za mpira zinazozuia mvua isidondokee mahindi yako.

Jambo hili si dogo. Mahindi ya kuwekwa ghalani yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Tundu moja linalovuja juu ya magunia laweza kuharibu kazi yote uliyofanya ya kukausha. Mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu mwingine huleta sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa yamewekwa yangali na unyevu. Kwa hiyo paa lisilovuja ni sehemu ya ukulima mwema, kama palizi na mbolea.

Siku hizi mbao nzuri ni ghali, na wakulima wengi hujenga ghala, zizi au banda la kuku kwa vyuma. Msumari wa bati hauwezi kuingia katika chuma. Hata katika mbao, msumari hulegea kidogo kidogo mbao inapokauka na upepo unapolitikisa bati. Kwa sababu hiyo inafaa kila mkulima ajue skurubu za kufunga chuma, namna ya kuzichagua na namna ya kuzitumia. Soma somo hili polepole, tena ulisome pamoja na fundi wako.

AINA MBILI USIZOPASWA KUZICHANGANYA

Aina ya kwanza ni skurubu inayojitoboa. Itazame nchani: utaona imechongwa kama kekee ndogo ya kutobolea chuma, yenye mifereji midogo pande mbili. Ncha hiyo hutoboa tundu, kisha hesi, yaani ile mikato inayozunguka mwili wa skurubu, huingia katika tundu hilo na kushika. Kazi zote mbili hufanywa mara moja bila kubadilisha kifaa. Hii ndiyo skurubu ya kufungia mabati kwenye pau za chuma. (Pau ni zile mbao au vyuma vinavyolala juu ya boriti za paa, ambavyo mabati hufungiwa.)

Aina ya pili ni skurubu inayokata hesi. Hii haina ncha ya kutoboa. Ncha yake ni butu, na ubavuni karibu na ncha ina mkato au mfereji wenye makali. Ni lazima kwanza utoboe tundu kwa mashine, ndipo uisokote ndani. Makali yake hukata hesi katika chuma na kutoa vumbi la chuma kupitia ule mfereji. Hii hutumiwa mahali penye chuma kinene, au kilichosubiwa, au aluminiamu iliyosubiwa, kama vile katika mwili wa mashine.

Ukijaribu kutoboa chuma kwa skurubu ya aina ya pili utapoteza siku yako bure. Na ukifunga kifuniko cha mashine kwa skurubu ya kufungia paa, nayo haitakaa vizuri. Kila moja ina kazi yake, kama jembe na panga.

JINSI YA KUSOMA NAMBA

Wakulima wengi hupotea hapa, kwa sababu neno "geji" lina maana mbili zinazopingana.

Kwa mabati, namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwa skurubu ni kinyume: namba ikiwa kubwa, skurubu ni nene. Skurubu ya namba 8 ina unene wa milimita 4.2, ya namba 10, milimita 4.8; ya namba 12, milimita 5.5, na ya namba 14, milimita 6.3. Kwa paa, namba 12 ndiyo inayotumika zaidi.

Kwenye pakiti waweza kuona maandishi kama 12-14x35. Maana yake ni hii: 12 ni namba ya unene; 14 ni idadi ya hesi katika kila inchi moja; na 35 ni urefu kwa milimita. Hesi zilizo mbali mbali, kama 11 kwa inchi, ni za mbao. Hesi 14 kwa inchi hufaa pau nyembamba za chuma. Hesi zilizokaribiana sana, kama 24 kwa inchi, ni za chuma kinene. Sababu yake ni rahisi: mbao ni laini, hutaka hesi pana ziume nyama nyingi, chuma ni kigumu, huhitaji hesi ndogo nyingi.

Basi ukijenga kwa pau za mbao usinunue skurubu ya ncha ya kekee kubwa. Ncha hiyo itachimba tundu pana katika mbao, na hesi hazitapata cha kushika. Nunua ya mbao, yenye ncha kali iliyokatwa mfereji mmoja ubavuni. Hiyo hupenya bati jembamba na kuingia katika mbao bila kuipasua.

NCHA NA UNENE WA CHUMA

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika somo letu. Ncha ya skurubu inayojitoboa hupewa namba, kwa kawaida kuanzia 1 hadi 5. Namba inapoongezeka, ncha ni ndefu zaidi na hutoboa chuma kinene zaidi. Kwa kadiri, ncha ya namba 2 hufaa chuma cha hadi milimita 2.5; ya namba 3 hufika karibu milimita 5; na ya namba 5 hufika karibu milimita 12. Vipimo hivi hubadilika kidogo kwa unene wa skurubu na kwa mtengenezaji, kwa hiyo soma pakiti.

Kwa nini urefu wa ncha ni lazima? Ncha hutoboa polepole, lakini hesi zikishika huivuta skurubu mbele kwa haraka. Ikiwa hesi zitashika chuma kabla ncha haijatokea upande wa pili, skurubu itavutwa kwa nguvu huku ncha haijamaliza kazi. Ndipo skurubu hukatika shingo, au hesi zikang'oka, au ncha ikaungua. Kumbuka kanuni hii: sehemu ya ncha yenye mfereji iwe ndefu kuliko unene wote wa vyuma vinavyofungwa, pamoja na nafasi yoyote iliyo kati yake.

Tuchukue mfano. Una pau za chuma cha milimita 2, na bati lisilofika nusu milimita. Jumla haifiki milimita 2.5. Ncha ya namba 3 itafanya kazi hiyo kwa sekunde chache. Lakini ukitaka kufunga pamoja vyuma viwili vya kona, kila kimoja milimita 5, jumla ni milimita 10. Hapo ncha ya namba 3 haifai kabisa. Tumia ya namba 5, ama toboa tundu kwa mashine na utie bolti na nati.

Labda utauliza: juu ya wimbi la bati kuna nafasi kati ya bati na upau, je, kanuni haivunjiki? Ni kweli hesi hulishika bati mapema, lakini bati la paa ni jembamba sana, nalo hukubali kupitwa bila kuizuia skurubu. Hatari iko pale chuma cha juu kinapokuwa kinene.

Ikiwa unafunga ubao juu ya chuma, kwa mfano sakafu ya mkokoteni, kuna skurubu yenye mabawa mawili madogo juu ya ncha. Mabawa hupanua tundu katika ubao ili hesi zisiushike, kisha huvunjika yanapogusa chuma. Bila mabawa hayo ubao hunyanyuka na kuacha mwanya.

UREFU, MAHALI NA IDADI

Bati la paa hufungwa juu ya wimbi, si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Kwa hiyo urefu wa skurubu hauhesabiwi kwa unene wa bati peke yake. Pima kina cha wimbi, ongeza unene wa upau, kisha ongeza ncha na hesi tatu kamili zitakazotokea upande wa pili. Kwa bati la mawimbi ya kawaida juu ya pau za chuma, skurubu ya milimita 35 hivi hutosha. Juu ya mbao, chukua ya milimita 50 au zaidi, ili iingie ndani ya mbao kiasi cha kutosha.

Upepo haulisukumi paa chini tu, huliinua. Nguvu hiyo ya kuinua ni kubwa zaidi kwenye pembe, kwenye kingo na karibu na kilele. Kwa hiyo weka skurubu nyingi zaidi mahali hapo. Kanuni nzuri ni kufunga kila wimbi la pili kwenye upau wa chini kabisa na wa juu kabisa, na kila wimbi la tatu kwenye pau za katikati.

Haya ndiyo mahesabu ya ghala la mabati 20, kila bati likipita juu ya pau nne. Pau mbili za kingo zikichukua skurubu 5 kila moja, na mbili za katikati 4 kila moja, bati moja litataka skurubu 18. Mabati 20 mara 18 ni 360. Ongeza 20 za akiba kwa zile zitakazoanguka au kuharibika. Nenda dukani ukaombe 380, wala usiseme "pakiti mbili."

WASHA YA MPIRA

Kila skurubu ya paa iwe na washa ya chuma yenye mpira chini yake. Mpira mzuri ni mweusi, ni laini, nao hurudi katika umbo lake ukiubonyeza kwa kucha. Mpira mgumu unaopasuka ukikunjwa hautamaliza misimu mingi ya jua.

Kaza mpaka mpira ujitokeze kidogo sana ukingoni mwa washa, kisha acha. Ukikaza mno mpira utaminywa utoke nje na bati litabonyea. Maji yatakaa hapo na kuingia. Ukikaza kidogo mno, washa itazunguka kwa kidole, na maji yatapita. Skurubu iliyoingia upande haizibi hata ukikaza vipi. Itoe, na ikiwa tundu limeharibika tia skurubu ya namba 14 mahali pa ile ya namba 12.

KUTUMIA MASHINE

Tumia mashine ya kutoboa yenye mwendo wa kubadilika na soketi inayolingana na kichwa. Kwa skurubu nyingi za namba 12 ni ya milimita 8. Kwa skurubu hizo juu ya upau mwembamba, mizunguko 1,800 hadi 2,500 kwa dakika inatosha. Chuma kikiwa kinene au skurubu ikiwa kubwa, punguza mwendo. Mwendo wa kasi huchoma ncha, na ncha iliyoungua haitoboi tena. Usitumie mwendo wa kugonga, ule wa kutobolea mawe.

Simama imara, elekeza skurubu wima, na uisukume kwa nguvu ya wastani isiyokatika mpaka usikie imepita. Vaa miwani ya kukinga macho. Usikanyage bati kati ya pau. Kanyaga palipo na upau chini. Siku ya upepo mkali au mvua, acha kazi ya paa hadi kesho.

Jioni, kabla ya kushuka, fagia vumbi la chuma kwa ufagio laini. Vumbi hilo likiachwa litaota kutu kwa umande wa usiku, na madoa yake yatakula rangi na zinki ya bati jipya.

SKURUBU ZA MASHINE YA SHAMBA

Sasa turudi kwa skurubu inayokata hesi. Tuseme kifuniko cha kinga cha mashine yako ya kukatia majani ya ng'ombe kimelegea, na matundu ya zamani yameliwa. Mkulima asiye mwangalifu hukifunga kwa waya, au hukiondoa kabisa, na siku moja mkono wa mtoto huingia mahali pa visu. Usifanye hivyo.

Toboa matundu mapya katika mwili wa mashine. Tundu liwe dogo kidogo kuliko unene wa skurubu juu ya hesi zake. Likiwa kubwa mno hesi hazitakuwa na nyama. Likiwa dogo mno skurubu itakatika. Jaribu kwanza katika kipande cha chuma cha namna ile ile. Tia tone la mafuta, sokota kwa mkono, na kila baada ya mizunguko miwili rudisha nyuma nusu mzunguko ili vumbi litoke.

Nyingi za skurubu hizi zina hesi sawa na za skurubu za kawaida za mashine. Kwa hiyo kifuniko chaweza kufunguliwa na kufungwa tena kwa usafi, na skurubu ikipotea waweza kutia ya kawaida ya kipimo hicho. Lakini sehemu inayobeba mzigo au inayozunguka ifungwe kwa bolti na nati, wala si kwa skurubu.

UKUTA NA DARI ZA JASI

Wengine sasa hugawanya nyumba au kutengeneza ofisi ndogo ya chama kwa bodi za jasi. Skurubu zake ni nyeusi, na kichwa chake kina umbo la mdomo wa tarumbeta ili kizame bila kupasua karatasi ya bodi. Za hesi zilizo mbali mbali ni za fremu ya mbao. Za hesi zilizokaribiana ni za fremu ya chuma chembamba. Ncha kali ya kawaida hupenya chuma kisichozidi milimita 0.8 hivi. Kikizidi hapo, chagua skurubu ya jasi yenye ncha ya kekee.

Kwa bodi ya milimita 12.5, tumia skurubu ya milimita 25 kwenye chuma, na ya 35 kwenye mbao. Acha sentimita 30 kati ya skurubu na skurubu ukutani, na sentimita 23 darini. Kichwa kizame kidogo tu. Kikitoboa karatasi, skurubu hiyo haishiki kitu; tia nyingine kando yake.

Usizitumie skurubu hizi nyeusi kufunga bati au kitu chochote cha nje. Mvua huzitia kutu upesi, nazo hukatika kwa urahisi.

KUTU

Skurubu iliyopakwa zinki nyembamba inayong'aa ni ya ndani ya nyumba. Kwa paa omba ile iliyotengenezwa kwa kazi ya nje, yenye zinki nene au rangi ya kukinga. Wanaokaa Pwani, penye hewa ya chumvi, na wenye mazizi na mabanda ya kuku, penye mvuke wa mkojo na samadi, wachague kinga iliyo bora zaidi, na wakague paa kila mwaka kabla ya mvua za masika.

Kuna skurubu za chuma kisichoota kutu. Chuma hicho chenyewe ni laini, hakiwezi kutoboa chuma kingine. Zilizo nzuri huungwa ncha ya chuma kigumu. Ukiuziwa zisizo na ncha hiyo, itakubidi utoboe tundu kwanza. Tena usiruhusu shaba igusane na bati la zinki, kwa maana zinki italiwa. Hata mbao zilizotiwa dawa yenye shaba ziache zikauke vizuri kabla ya kuzifunga.

KABLA YA KULIPA

Dukani, jibu maswali haya matano: Nafunga nini? Nafungia juu ya nini, mbao au chuma? Unene wote ni milimita ngapi? Ni ndani au nje? Nahitaji ngapi? Kisha chukua kipande cha upau wako, nunua skurubu tano tu, na uzijaribu. Zikipita zote bila kuungua wala kukatika, rudi ukanunue zilizobaki.

JIPIME MWENYEWE

1. Kati ya bati la geji 30 na la geji 28, lipi ni nene? Na kati ya skurubu ya namba 10 na ya namba 14?

2. Unafunga chuma cha milimita 3 juu ya kingine cha milimita 4. Je, ncha ya namba 3 inafaa?

3. Washa inazunguka ukiigusa kwa kidole. Ufanye nini?

Majibu: (1) Bati la geji 28, skurubu ya namba 14. (2) Haifai, kwa kuwa jumla ni milimita 7. Tumia ya namba 5. (3) Kaza kidogo mpaka mpira ujitokeze ukingoni, kisha acha.

Kata ukurasa huu, uutundike ghalani. Siku fundi atakapokuja, msome pamoja kabla ngazi haijaegemezwa ukutani.